Dakika Arobaini na Tatu Bila Picha

Sehemu ya Kumi na Nne

Takwimu hakupata muda wa kulificha daftari. Kitasa cha mlango kilizunguka akiwa bado ameliinua karibu na pua, daftari namba 118, kidole kikiwa chini ya neno lile lile lililomgandisha wiki iliyopita. Neno lenyewe lilikuwa "paka".

Aliyeingia ni Mkurugenzi. Hakubisha hodi. Ni mtu anayeamini kwamba hodi hupigwa na wanaoomba.

Msomaji aliyetupata leo hana haja ya kuhangaika. Mambo ni machache na yote yanahesabika. Takwimu ni mkuu wa utafiti katika kituo cha televisheni. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kejeli, naye akalivaa kwa sababu lilikuwa sahihi. Kazi yake ni kujua watu wangapi wanatazama nini. Kila mwezi kitengo chake hugawa madaftari mia tatu katika nyumba mia tatu. Kila ukurasa ni siku moja, kila mstari ni kipindi kimoja, na mwenye nyumba huweka tiki kwenye kile alichotazama. Jumamosi saa nne asubuhi mkusanyaji hupita, na kila nyumba hupewa mwavuli wenye nembo ya kituo.

Hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Kinachofanyika ni kwamba Jumamosi saa tatu na nusu mama mwenye nyumba hukumbuka daftari, hulifukua chini ya mto wa kochi, kisha hujaza siku saba kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana wino wa Jumapili na wino wa Ijumaa huwa mmoja. Hajazi walichotazama. Hujaza kile ambacho nyumba ya watu wenye adabu ilipaswa kutazama.

Kwa miaka mingi uongo huo haukumdhuru mtu. Halafu ikaja Jumanne.

Jumanne ile, dakika mbili baada ya muziki wa kufungulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mtambo wa kurushia matangazo ulikufa. Ulifufuka saa mbili na dakika arobaini na tano. Kwa dakika arobaini na tatu kila televisheni iliyofunguliwa kwenye kituo hicho ilionyesha kiza kitupu. Simu zilizopigwa mapokezi zilikuwa tatu: kinyozi mmoja aliyelalamika, mtu mmoja aliyekosea namba, na kijana aliyeulizia nafasi za kazi.

Madaftari yakarudi Jumamosi. Nyumba mia moja themanini na saba kati ya mia tatu ziliweka tiki kwamba Jumanne zilitazama taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho. Kumi na moja ziliongeza maoni ya kusifu.

"Umesaini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Bado."

"Wadhamini wanakuja saa kumi. Wanataka ripoti yenye sahihi yako, si hadithi."

Takwimu akamweleza. Alimweleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoungua: mtambo, kiza, dakika, tiki. Mkurugenzi alisikiliza huku akitazama simu yake. Ofisini kwake kuna skrini pana kama mlango wa gereji. Huiwasha asubuhi, huizima jioni, na huwa haina sauti. Anaiweka kama wengine wanavyoweka samaki wa mapambo. Taarifa ya habari ya kituo chake mwenyewe hajaitazama nzima tangu apandishwe cheo.

"Toa Jumanne," alisema.

"Wiki itabaki na siku sita."

"Wadhamini hawahesabu siku."

"Waliodanganya Jumanne, bosi, hawakuanza Jumanne."

Mkurugenzi akaiweka simu mezani, ishara kwamba sasa anafikiri. Akasema hawakudanganya. Akasema watu wale walikuwa na nia ya kutazama, na nia ni kitu kikubwa. Kwamba mtu anaweza kuitazama taarifa kwa moyo hata kama skrini ina hitilafu. Alisema hayo bila kucheka. Mishahara minono imelipwa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Takwimu akamkumbusha kwamba mwaka jana aliomba safu moja iongezwe kwenye daftari, safu ya simu, ili watu waandike walichokitazama huko. Mkurugenzi ndiye aliyeikata kwa kalamu yake. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiwapa safu ya simu utakuwa unawafundisha kutazama simu. Alidhani watu wanamsubiri yeye awafundishe.

"Sikiliza," alisema sasa, na sauti ikashuka. "Namba zikiwa chini ya nusu, wadhamini wanaondoka. Wakiondoka, taarifa ya saa mbili inafutwa mwisho wa mwezi huu na tunaweka vichekesho vya kununua. Unamjua anayesoma taarifa hiyo. Chakula chake cha Jumapili unakila wewe."

Anayesoma taarifa hiyo ni baba mkwe wa Takwimu. Mtaani wanamwita Saa Mbili. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye kiti kile kile, na siku kiti kikiondolewa, hakuna kingine duniani anachojua kufanya. Kufunga tai na kusoma: basi. Sahihi moja ya mke wa mwanawe ingemweka pale. Sahihi hiyo hiyo ikikosekana ingemrudisha nyumbani.

Mkurugenzi akatoka. Mlango akauacha wazi, kama kawaida yake.

Takwimu akalifungua tena daftari namba 118. Kwenye sehemu ya maoni ya Jumanne mtu alikuwa ameandika: "Taarifa nzuri, imesomwa kwa utulivu. Yule paka asifukuzwe mezani, hana kosa." Akavuta daftari namba 41: "Mzee apunguze kumsukuma paka." Daftari namba 203: "Paka leo kachelewa kutokea, tulipata wasiwasi."

Studio ya habari haina paka. Meza yake ni ya kioo, kipupwe chake kinamfaa mtu aliyekufa, na mlinzi wake aliwahi kumzuia waziri kwa kukosa kitambulisho. Hakuna paka ambaye angepita.

Lakini Takwimu anamfahamu paka mmoja anayepanda mezani mtu akisoma habari. Ana rangi ya chungwa na sikio lililokatika ncha. Kila Jumapili, nyumbani kwa wakwe, hukaa chini ya kiti cha Takwimu akisubiri mfupa.

Mwenye hisia nyingi angekimbilia nyumbani kwa mama mkwe. Takwimu aliita wasaidizi wake wawili, akawagawia namba za simu za zile nyumba mia moja themanini na saba, akawapa swali moja tu la kuuliza: "Jumanne saa mbili usiku, televisheni yako ilikuwaje?" Akawakataza kusaidia jibu.

Hadi saa nane mchana walikuwa wamezipata nyumba mia moja sitini na nne. Nyumba mia moja arobaini na tano zilisema televisheni ilikuwa safi, picha nzuri, hakuna tatizo. Kumi na tisa zilisema skrini ilikuwa na kiza.

Kumi na tisa. Hao ndio waliokuwa wanatazama. Wengine walikuwa wanatunza heshima.

Nyumba 118 aliipigia mwenyewe. Aliyepokea ni mwanamke fundi wa nguo. Cherehani ilisikika ikikimbia, na haikusimama kwa ajili ya utafiti.

"Nilitazama," alisema yule fundi. "Saa kumi na moja, kama siku zote."

"Saa kumi na moja sisi hatuna taarifa."

"Ya kwenu haipo. Ya mama ipo."

"Mama yupi?"

"Dada, wewe unafanya kazi televisheni hiyo hiyo? Ngoja nikutumie."

Akatumiwa. Akafungua. Skrini ndogo ikaonyesha meza ya kulia chakula aliyoijua hadi mkwaruzo wake, na saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika sita. Nyuma ya meza alikaa baba mkwe wake. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa taifa zima: koti jeusi, tai, shati lililopigwa pasi. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ndani ya suruali ya kulalia yenye mistari ya kijani. Alisoma habari kwa sauti ile ile ya saa mbili. Paka akapita mbele ya uso wake, naye akamsogeza kwa kiwiko bila kuruka neno.

Ukurasa uliitwa "Mzee Anasoma". Taarifa ya jana peke yake ilikuwa imetazamwa na watu laki nne na elfu thelathini na moja.

Mambo yakajipanga yenyewe. Kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya kwenda kituoni, mzee humsomea mkewe taarifa nzima mezani. Ni desturi ya nyumba ile tangu Takwimu hajaolewa. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, huegemeza simu yake kwenye bakuli la sukari na kumrusha ukurasani. Na wale wa madaftari yenye paka, walipofika Jumamosi kwenye mstari wa taarifa ya habari, waliweka tiki kwa moyo mweupe, kwa sababu taarifa walikuwa wameitazama. Safu ya kuandika wapi na saa ngapi haikuwepo. Mkurugenzi aliikata.

Saa tisa Takwimu alimkuta mzee kwenye chumba cha vipodozi, taulo shingoni, akipakwa poda. Aliitwa aje mapema ili wadhamini wamwone. Mkurugenzi huamini kwamba mtu akishikana mkono na sura maarufu hulainika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso? Mume wako kafanya nini?"

Hajafanya kitu, alisema Takwimu. Akamweleza ile Jumanne. Mzee alikuwa anaijua. Fundi mitambo mmoja alimnong'oneza siku iliyofuata. Lakini usiku ule wenyewe hakuna aliyemwambia. Alisoma dakika zote arobaini na tatu akiitazama kamera machoni, akaaga, akakusanya karatasi. Watu sita walikuwemo studio. Wote sita walikuwa wameinama kwenye simu zao.

"Vijana wa siku hizi," alisema mzee, "wana vioo mfukoni kama vinyozi. Mimi kitu kile sikiangalii. Habari inatazamwa umekaa kitini, mgongo umenyooka, watoto wamenyamaza."

"Baba, ile simu ya mama pale mezani, mkiwa mnafanya mazoezi, huwa ni ya nini?"

"Ananipimia muda. Mwalimu huyo. Asipopima kitu haoni raha."

Mpakaji poda akaangalia dari. Midomo yake ilikuwa imebanwa kwa nguvu, na Takwimu akaelewa kwamba hata huyu anajua; kwamba jengo zima, ghorofa zote tatu, linajua, isipokuwa Takwimu mwenyewe hadi mchana huu, na mzee na Mkurugenzi, watu wawili pekee ambao hakuna anayewaambia kitu.

Alitaka kumwambia. Lakini kuna maneno ambayo mkwe hawezi kuyatamka kwa baba mkwe mbele ya mtu wa tatu, na suruali ya kulalia ni mojawapo. Akamwomba mpakaji poda awapishe kidogo. Kabla yule hajafika mlangoni Mkurugenzi akaingia, akamshika mzee mkono kama bibi harusi, akaondoka naye.

Saa kumi kamili wadhamini walikuwa wamekaa. Walikuwa watatu, wawili hawakusema kitu tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo hatutawasumbua. Wa tatu alikuwa mwanamke wa kampuni ya sabuni, mfupi, mwenye faili jembamba. Tumwite Bibi wa Sabuni.

Mkurugenzi alifungua kwa hotuba. Alisema televisheni ni jiko la nyumba, familia hukusanyika hapo. Alisema simu ni upepo. Alisema kituo chake kina watazamaji waaminifu. Alipofika kwenye neno waaminifu alimtazama Takwimu na kunyoosha mkono wa kupokea ripoti.

Takwimu akampa Bibi wa Sabuni karatasi moja. Ilikuwa na mistari minne: walioweka tiki, 187, waliopatikana kwa simu, 164, waliosema picha ilikuwa safi, 145, waliojua kwamba hapakuwa na picha, 19. Chini kabisa, sahihi.

Mkurugenzi akaisoma kwa ubavu. Rangi yake haikubadilika. Watu wa aina yake hubadilisha maneno kwanza. Akasema karatasi ile ni rasimu. Akasema mkuu wa utafiti ana matatizo ya kifamilia. Akasema namba ni kama sumu, hutegemea unavyozipima.

"Usihangaike," alisema Bibi wa Sabuni. "Sisi tulijua."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Mwezi uliopita tangazo lao lilirushwa kila siku kabla ya taarifa, kwa wiki tatu, na namba ya simu ya wateja ilikuwa imepungua tarakimu moja. Kosa lilikuwa lao, la mchapaji. Hakuna mtu aliyepiga kulalamika. Hakuna hata mmoja aliyejaribu ile namba na kugundua haiendi.

"Leo sikuja kusikiliza namba," aliendelea. "Nimekuja kumwona yeye kwa macho." Akamwinamia mzee kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Nyumbani kwangu tunakutazama kila siku. Mama yangu mgonjwa, hali chakula mpaka umemaliza."

Mzee akanyoosha tai. Akamgeukia Mkurugenzi kwa uso wa mtu aliyethibitishwa. "Unaona?"

"Ila uache kumsukuma paka," alisema Bibi wa Sabuni.

"Paka gani?"

Akaiweka simu yake mezani, akaigeuza, akaisukuma mbele ya mzee.

Mzee alitazama. Kwa kadiri Takwimu alivyoweza kuhesabu, sekunde ishirini. Alijitazama kwanza usoni, kisha kwenye tai. Halafu yule mzee mdogo wa kwenye kioo akajisogeza kitini, mistari ya kijani ikatokea yote hadi magotini, na mzee mkubwa akaishusha mikono yake chini ya meza, akaiweka juu ya mapaja, kana kwamba hata pale chumbani alikuwa amevaa vile.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mkurugenzi ndiye aliyeanza kufufuka. Alikuwa ameiona ile namba chini ya picha, laki nne na elfu thelathini na moja, na macho yake yakapata mwanga wa kibaka aliyeona dirisha wazi. Dakika tano kabla simu ilikuwa upepo. Sasa akasema uso ule ni mali ya kituo. Sauti ile ni mali ya kituo. Taarifa inayosomwa pale mezani imeandikwa na waandishi wa kituo. Akamwita mwanasheria kwa simu, na karatasi moja ikaletwa ikiwa bado na joto la mashine: msomaji anakubali kwamba sura na sauti yake havitaonekana popote nje ya kituo, na kwamba kuanzia leo hatasomea nyumbani mbele ya kifaa chochote. Akisaini, taarifa ya saa mbili inabaki na kiti chake kinabaki, mwaka mzima. Asiposaini, aende akavue tai.

"Baba," alisema Takwimu, "usisaini leo. Nenda nayo nyumbani."

Mzee alimgeukia. Aliuliza polepole, kwa sauti yake ya saa mbili, ile inayotenganisha kila neno na jirani yake. "Mwanangu, wewe huniongopei. Wanaonitazama kwenye kiti changu ni wangapi?"

"Kumi na tisa, baba. Katika mia tatu."

"Na kwa mama yenu?"

"Hao umewaona."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeliona jibu lilipo. Lakini mtu aliyekaa kiti kimoja miaka ishirini na sita hapimi kwa akili ya kawaida. Hupima kwa kiti.

"Wale kumi na tisa," alisema, "wamekaa mgongo umenyooka." Akaichukua kalamu, akasaini.

Mkurugenzi akaipuliza sahihi ikauke, ingawa ilikuwa ya kalamu ya kawaida isiyohitaji kupulizwa. Akamgeukia Bibi wa Sabuni kwa tabasamu pana, akamwambia sasa mzee anapatikana sehemu moja tu, na wakitaka kumfuata watamfuata pale.

Bibi wa Sabuni akafunga faili lake.

"Hongereni," alisema. "Sisi tumeshasaini asubuhi. Na mama."

"Na mama nani? Msomaji ni huyu."

"Tumesoma maneno vizuri kabla ya kusaini, ni tabia yetu. Mkataba unasema meza ile, saa kumi na moja, kila siku. Nani atakaa nyuma ya meza haukusema. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka uandikwe hivyo."

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na nne. Mkurugenzi alimwamuru mzee ampigie mkewe hapo hapo, mbele ya wote, amwambie aufunge ukurasa. Simu ya mezani ikavutwa. Mzee akapiga namba ya nyumbani kwake kwa kidole kimoja, akaeleza kwa sentensi mbili kwamba amesaini, na kwamba lile jambo la simu kwenye bakuli la sukari liishe leo.

Chumba kizima kilisikia jibu, kwa sababu mzee hushika simu mbali na sikio.

"Umesaini," alisema mama mkwe. "Hukuniuliza. Haya, mume wangu, wewe soma huko. Mimi nasoma hapa." Akakata.

Mzee aliirudisha simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Akasema mwanamke yule hajawahi kusoma habari mbele ya watu. Akasema atababaika sentensi ya pili. Alisema hivyo mara mbili.

Saa kumi na moja simu ya Bibi wa Sabuni ikalia mlio mfupi. Ya Mkurugenzi nayo ikalia, kumbe naye alijiunga wakati wa kikao, chini ya meza. Bibi wa Sabuni akaisimamisha yake kwenye jagi la maji ili wote waone.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe. Hakuwa na koti. Alivaa gauni la nyumbani na miwani yake ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, na karatasi mbele yake ilikuwa moja tu. Akasubiri sekunde tatu, kama mwalimu anavyosubiri darasa linyamaze. Halafu akasema msomaji wao wa kila siku hatakuwepo tena, amechagua mahali pengine, na asilaumiwe.

"Anasoma haraka," alisema mzee.

Takwimu alikuwa anahesabu, kwa mazoea. Elfu sitini. Elfu tisini na mbili. Laki moja na nusu, na dakika ya kwanza haijaisha.

Mzee akavuta kiti chake. Akakivuta tena. Mtu ambaye maisha yake yote hakutazama kioo cha mfukoni alikuwa sasa ameinama juu ya meza, mgongo umepinda, pua karibu na jagi.

"Ongeza sauti," alisema.

Bibi wa Sabuni akaongeza.

"Habari ya kwanza leo inamhusu yeye mwenyewe," alisoma mama mkwe, bila kubabaika. "Ni jambo nililolinyamazia miaka kumi na minne, kwa sababu nilikuwa mke wa mtu anayesoma habari, na mke wa msomaji hatoi habari. Linahusu nyumba yake ya pili."

Mkono wa mzee ukavuka meza kuifuata simu. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwasihi watu wabaki kwenye viti vyao. Sasa alitaka kile kioo kizimwe, kizimwe mara moja. Bibi wa Sabuni alikuwa mwepesi kuliko yeye. Aliinyanyua simu, akasimama nayo, akarudi nyuma hadi mgongo wake ulipogusa ukuta.

"Kaa, mzee," alisema. "Tunatazama."